Arnold Theiler: Daktari wa mifugo mwenye mkono mmoja aliyetenganisha ndigana mbili

WAFUGAJI wa Mbulu na Hanang wanalifahamu vizuri neno ndigana. Ndama akivimba tezi chini ya sikio, akapata homa na kuanza kuhema kwa shida, huambiwa ana ndigana. Ng'ombe mkubwa akikataa malisho, akapauka ufizi na kutoa kinyesi kigumu kama mawe, naye huambiwa ana ndigana. Jina ni moja, lakini magonjwa ni mawili: ndigana kali na ndigana baridi. Vimelea vyake ni tofauti na dawa zake ni tofauti. Anayenunua dawa ya moja kwa ajili ya nyingine hupoteza fedha, na mara nyingi hupoteza na ng'ombe.

Tofauti hiyo haikujulikana tangu zamani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita hata mabingwa wa sayansi wa Ulaya walikuwa wakichanganya magonjwa haya. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine ya kuyatenganisha ni daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Arnold Theiler, aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake Afrika Kusini. Kimelea cha ndigana kali kinabeba jina lake hadi leo: Theileria. Ndigana baridi nayo, ni yeye aliyekigundua kimelea chake.

Mwanzo mgumu

Theiler alizaliwa Machi 26, 1867, katika mji mdogo wa Frick nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana Arnold alisomea udaktari wa mifugo, na mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 24, alisafiri hadi Pretoria, katika jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, kutafuta maisha.

Maisha hayakumpokea vizuri. Wateja walikuwa wachache, akalazimika kuajiriwa katika shamba moja nje ya Pretoria. Akiwa huko, mashine ya kukatia majani ya mifugo ilimkata mkono wa kushoto. Kwa daktari wa wanyama, ambaye kazi yake ni kushika, kupasua na kuzalisha, hilo lingetosha kuwa mwisho wa kazi. Theiler alijifunza kufanya kila kitu kwa mkono mmoja.

Mwaka 1893 ndui iliingia katika machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Theiler aliweza kutengeneza chanjo ya kuwakinga watu, na jina lake likaanza kujulikana. Fedha na sifa alizopata zilimfungulia njia ya kuanza utafiti.

Sotoka yampa kazi

Wazee wa Mbulu na Hanang walisimuliwa na babu zao kuhusu sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki ukitokea Pembe ya Afrika, na kati ya mwaka 1890 na 1892 ulifagia mazizi ya wafugaji wa nchi hii, ukiacha njaa nyuma yake. Haukuishia hapa. Uliteremka kusini, na mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi.

Serikali ya Transvaal ilishtuka, na Theiler akaajiriwa kuwa daktari wa mifugo wa serikali. Yeye na mwenzake Herbert Watkins-Pitchford walifanya utafiti wa kuwakinga ng'ombe kwa kutumia maji ya damu ya wanyama waliopona. Sotoka ilihitaji miaka mingi zaidi kushindwa kabisa, kwani dunia ilitangazwa kuwa huru mwaka 2011. Lakini kazi ile ilimpatia Theiler maabara katika eneo la Daspoort, Pretoria, mwaka 1898. Ilikuwa maabara duni, lakini mambo makubwa yalitoka humo.

Ugonjwa kutoka pwani yetu

Baada ya sotoka na baada ya vita vya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, nchi za kusini zilikuwa tupu. Hapakuwa na ng'ombe wa kulima wala wa kuvuta magari ya kukokotwa. Watu wakaanza kuagiza mifugo kutoka ng'ambo na kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na bandari ya Beira, Msumbiji, ikawa mlango wake.

Mwaka 1901 meli ilishusha Beira mitamba takriban 1,000 kutoka Australia, iliyonunuliwa kwa ajili ya Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mitamba hiyo ilichungwa katika malisho yaliyokuwa yamepitiwa na ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki. Karibu yote ilikufa. Muda mfupi baadaye ugonjwa ukalipuka Umtali na Salisbury, ukafuata barabara za magari ya ng'ombe na kuingia Transvaal na Natal. Waliokuwa wamenusurika na sotoka walipoteza tena.

Madaktari wa kwanza walioutazama walisema ni ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao tayari ulikuwa unajulikana Marekani kwa jina la homa ya Texas. Waliuchukulia kama jambo la zamani lililozidi ukali. Walikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Mwaka 1897 Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam akichunguza damu ya ng'ombe wa pwani. Kwa darubini aliona vimelea vidogo mno ndani ya chembe nyekundu za damu. Akadhani ni watoto wa kimelea cha mkojo mwekundu ambao hawajakua.

Mwaka 1903 Koch aliitwa Rhodesia kusaidia. Huko alikubali kwamba ugonjwa ni mwingine, akauita homa ya pwani ya Afrika. Wengine wakauita homa ya pwani ya mashariki, jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya Kiingereza. Pwani inayotajwa ni hii yetu. Koch alipendekeza kuwachoma ng'ombe damu ya wenzao waliopona ili kuwakinga. Wafugaji wa Rhodesia walijaribu, lakini ng'ombe waliendelea kufa.

Maswali manne

Theiler alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo upande wa Transvaal. Hakuridhika na kutazama darubini peke yake. Alikuwa na zizi la majaribio, na aliuliza maswali ambayo mfugaji yeyote angeyaelewa.

Kwanza, je, damu ya mgonjwa ikichomwa kwa ng'ombe mzima, huyo mzima anaugua? Kwa mkojo mwekundu jibu lilikuwa ndiyo. Kwa ugonjwa huu mpya, kwa kawaida hapana.

Pili, je, ng'ombe aliyepona mkojo mwekundu anaweza kufa kwa ugonjwa mpya? Jibu lilikuwa ndiyo, tena kwa urahisi. Kwa hiyo kinga ya kimoja haikusaidia kwa kingine.

Tatu, ni kupe gani anayehusika? Hapa Theiler alikuwa na mwenzake, Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa koloni la Cape, aliyethibitisha mwaka 1904 kwamba msambazaji mkuu ni kupe wa kahawia anayependa kung'ang'ania ndani ya sikio. Mkojo mwekundu hubebwa na kupe mwingine, yule wa rangi ya buluu.

Nne, kupe anaubeba vipi? Kupe wa buluu hukaa kwa ng'ombe mmoja tangu utoto hadi utu uzima, kisha huanguka na kutaga. Kimelea cha mkojo mwekundu hupita katika mayai yake na kuingia kwa watoto. Kupe wa kahawia huishi maisha tofauti. Hunyonya kwa mnyama mmoja akiwa mtoto, akaanguka; hunyonya kwa wa pili akiwa amekua kidogo, akaanguka; na kwa wa tatu akiwa mkubwa. Ugonjwa anaouokota katika hatua moja huutoa katika hatua inayofuata. Kwenye mayai hauendi.

Mwaka 1904 Theiler alitangaza kimelea kile kuwa cha aina mpya, akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kidogo, parvum. Mwaka 1907 wataalamu wa Ureno waliona kwamba kimelea hicho ni tofauti kiasi cha kustahili ukoo wake peke yake. Ukoo huo wakaupa jina la Theiler. Tangu hapo kimelea cha ndigana kali kinaitwa Theileria parva.

Faida ya kujua kupe anavyoishi

Mtu anaweza kuuliza majina hayo ya Kilatini yalimsaidia nini mfugaji. Yalimsaidia sana. Kwa kuwa ugonjwa haupiti katika mayai, na kupe aliyeambukizwa hawezi kuishi milele bila kunyonya, malisho yanaweza kusafishwa kwa kuondoa ng'ombe wote kwa muda wa miezi 15 hadi 18. Na kwa kuwa kupe huyu hukaa kwa ng'ombe siku chache tu kila hatua, josho la mara moja kwa mwezi halina maana. Watkins-Pitchford, yule mwenzake wa siku za sotoka, alionyesha huko Natal kwamba ng'ombe waogeshwe kila baada ya siku chache ili kupe afe kabla hajashiba na kuanguka.

Kwa uzio, majosho, kuzuia usafirishaji na hata kuchinja makundi mazima, Afrika Kusini iliumaliza ugonjwa huo katikati ya miaka ya 1950. Gharama ilikuwa kubwa. Wafugaji Waafrika walilazimishwa kulipia majosho na kuchinja bila kushauriwa, na mwaka 1914 katika eneo la Griqualand Mashariki baadhi yao waliasi na kubomoa majosho.

Kwetu njia hiyo haiwezekani. Ng'ombe wetu hutembea kutafuta maji, majani na chumvi, na nyati wa mbugani hubeba vimelea hivyo katika damu bila kuugua. Lakini elimu ya kupe na siku zake ni ile ile.

Ndigana ya pili

Mwaka 1908 Theiler alihamia katika taasisi mpya ya Onderstepoort, nje kidogo ya Pretoria, ambayo hadi leo ni miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa mifugo barani Afrika. Huko aliugeukia ugonjwa ambao Makaburu waliuita ugonjwa wa nyongo, kwa sababu ng'ombe aliyekufa hukutwa na kifuko cha nyongo kilichojaa na kuvimba.

Theiler alikuwa ameshakosea kuhusu ugonjwa huo. Miaka michache nyuma alikuwa ameona katika damu ya ng'ombe kimelea kikubwa kinachofanana na kile cha nagana, akadhani ndicho kinacholeta ugonjwa wa nyongo. Kimelea hicho kikapewa jina lake, Trypanosoma theileri. Baadaye ilibainika kwamba kipo kwa ng'ombe wengi wazima na kwa kawaida hakiwadhuru.

Alirudi kwenye darubini. Katika chembe za damu za wagonjwa aliona vinukta vidogo vyeusi pembezoni mwa chembe. Wengi walividhania kuwa uchafu wa rangi ya kupakia damu. Theiler alivifuata, akapitisha ugonjwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, na mwaka 1910 alitangaza kwamba vinukta hivyo ndivyo vinavyoua. Aliviita Anaplasma marginale, kwa sababu ya kukaa pembezoni. Hiyo ndiyo ndigana baridi. Leo inajulikana kwamba ni aina ya bakteria, na ndiyo maana dawa za jamii ya oksitetrasaiklini zinaimudu.

Mwaka uliofuata alieleza ndugu yake mpole, Anaplasma centrale, anayekaa katikati ya chembe. Akaona kwamba ng'ombe aliyeugua kidogo kwa huyu mpole hapati shida kubwa akikutana na yule mkali. Chanjo hiyo ya mwaka 1911 bado inatumika katika nchi kadhaa, zikiwemo Afrika Kusini, Australia na Israeli.

Chanjo iliyoua na chanjo inayokinga

Kwa ndigana kali Theiler alijaribu njia nyingine. Kwa kuwa damu haikuambukiza, alisaga bandama na tezi za ng'ombe wagonjwa na kuzichoma katika mshipa wa wazima. Waliopona walikuwa na kinga. Kuanzia mwaka 1911 maelfu kwa maelfu ya ng'ombe wa Transkei walichanjwa hivyo, lakini wengi walikufa kwa chanjo yenyewe. Njia hiyo ikaachwa.

Wazo halikufa. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Afrika Mashariki katika kituo cha Muguga, Kenya, walichukua vimelea hai kutoka kwa kupe, wakavichoma kwa ng'ombe, na wakati huo huo wakachoma oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini ili kuupunguza ukali. Ng'ombe anaugua kidogo au haugui kabisa, kisha anabaki na kinga. Hiyo ndiyo chanjo ya ndigana kali iliyoenea kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndama hupigwa sindano mara moja na kuwekewa hereni, na mnunuzi anayejua maana ya hereni hiyo huwa tayari kuongeza bei.

Familia ya watafiti

Theiler hakuishia kwa kupe. Kati ya mwaka 1919 na 1920 alifumbua ugonjwa wa kupooza uliokuwa ukiua ng'ombe katika nyanda kavu. Aligundua kuwa malisho yalikosa madini ya fosforasi, ng'ombe wakawa wanatafuna mifupa ya mizoga, na sumu ya bakteria katika mizoga ndiyo iliyowaua. Dawa yake ilikuwa kuwapa unga wa mifupa uliotayarishwa vizuri na kuondoa mizoga malishoni.

Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilimpa heshima ya Sir. Mwaka 1920 akawa mkuu wa kwanza wa kitivo cha udaktari wa mifugo huko Onderstepoort. Alistaafu mwaka 1927 na kufariki dunia Julai 24, 1936, katika mji wa Lucerne, nchini kwake Uswisi, akiwa na umri wa miaka 69.

Mke wake Emma alimzalia watoto wanne. Gertrud alikuwa bingwa wa kupe wa Afrika, akizipanga aina zake na kuchora ramani za mahali zinapoishi. Max alitengeneza chanjo ya homa ya manjano, na mwaka 1951 alipata Tuzo ya Nobel.

Kwetu Tanzania kazi kama ya Gertrud ilifanywa na Guy Yeoman na Jane Walker, ambao mwaka 1967 walichapisha kitabu kinachoonyesha aina za kupe wa Tanzania na sehemu zinakopatikana. Kupe wa kahawia anapenda nchi yenye mvua na ubaridi wa wastani. Nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya mlima Hanang zinamfaa kuliko mabonde makavu.

Funzo kwa Mbulu na Hanang

Hasara yake si ndogo. Makadirio ya mwaka 1989 yalionyesha kuwa ndigana kali iliua ng'ombe milioni 1.1 katika nchi 11 za Afrika na kuleta hasara ya dola za Marekani milioni 168 kwa mwaka huo mmoja. Kwa mfugaji mdogo hesabu ni fupi zaidi: ndama jike mmoja akifa, ni maziwa, mbegu na ada ya shule iliyopotea.

Katika maisha ya Theiler mna mambo matatu ya kuyatumia zizini na mnadani.

La kwanza, tambua ugonjwa kabla ya kwenda duka la dawa. Tezi zilizovimba, hasa ya chini ya sikio, pamoja na homa na kuhema, ni dalili za ndigana kali. Dawa yake ni ya jamii ya buparvakwoni, nayo hufaa ikiwahi. Oksitetrasaiklini ikitolewa wakati ugonjwa umeshapanda haitamwokoa. Kupauka au kuwa njano kwa ufizi na macho, na kinyesi kigumu kwa ng'ombe mkubwa, ni dalili za ndigana baridi, na hapo oksitetrasaiklini ndiyo dawa. Mkojo mwekundu una dawa zake nyingine. Bwana mifugo anaweza kuchukua damu ya ncha ya sikio na majimaji ya tezi kwenye kioo, ikasomwa kwa darubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana maabara Arusha.

La pili, mchunguze ng'ombe mgeni. Mitamba ile ya Beira ilitoka nchi isiyo na ugonjwa ikaingia malisho yenye kupe. Anayenunua ng'ombe mnada wa Katesh au Haydom ajue ametoka wapi. Ng'ombe wa nchi kavu asiyewahi kukutana na ndigana kali, au mtamba wa kisasa, akipelekwa nyanda za juu bila chanjo yuko hatarini kuliko ndama wa kienyeji aliyezaliwa pale. Ndivyo ilivyo pia kwa ng'ombe wa kuwekeana kati ya ndugu na marafiki wa sehemu mbalimbali.

La tatu, chanjo haiondoi josho. Ndama aliyewekewa hereni amekingwa dhidi ya ndigana kali peke yake. Ndigana baridi, mkojo mwekundu na moyo kujaa maji bado vinamngoja kwa kupe wale wale au wengine. Ogesha au nyunyizia kwa ratiba anayoshauri bwana mifugo, pima dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na usisahau ndani ya masikio, kwa sababu ndiko anakojificha kupe wa kahawia.